Hapa hakuna mvulana wa kuachiwa waya

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kwamba shule za wasichana zimepitwa na wakati, kwa kuwa duniani wanaume na wanawake wanaishi pamoja, amenigusa penye kazi yangu. Nimefundisha fizikia miaka kumi na minne katika shule ya mchanganyiko, na huu ni mwaka wangu wa sita katika shule ya wasichana. Naomba nafasi nieleze nilichokiona.

Kule nilikotoka, nilikuwa nikigawa vikundi vya maabara: wavulana wawili, wasichana wawili. Kabla sijamaliza kueleza zoezi, mvulana mmoja ameshashika betri na nyaya. Hakuna aliyemtuma. Na msichana mmoja ameshafungua daftari, anachora jedwali kwa rula. Huyo ndiye katibu. Wiki ijayo katibu, muhula ujao katibu. Mwandiko wake ulikuwa safi, nami nilimpa alama zake zote bila kujiuliza kama amewahi kukaza hata skrubu moja. Siku nilipomwambia abadilishane na mwenzake, alizipokea zile nyaya kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani.

Kipindi changu cha kwanza katika shule ya wasichana kilianza kwa ukimya. Wanne walikizunguka kiboksi cha vifaa, kila mmoja akimsubiri mwingine. Mwisho mmoja akasema, "Jamani, hivi vitu havitajiunga vyenyewe." Akaunga. Balbu haikuwaka. Akageuza betri (kwa balbu ya kawaida hilo halibadilishi chochote, lakini sikumkatiza), bado giza. Akachomoa kila kitu, akaanza upya. Kumbe balbu yenyewe ilikuwa imeungua. Alicheka hadi akaegemea meza, na wenzake wakacheka naye. Hakuna aliyesema "ndiyo wasichana hao", kwa sababu pale wote walikuwa wasichana, na neno hilo lisingeeleza kitu. Miezi miwili baadaye ugomvi wao ulikuwa juu ya nani atalazimika kuandika jedwali.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Shule ya wasichana haimpi binti ujasiri kwenye sinia. Inaondoa tu mtu wa kuachiwa kazi. Tamthilia ikihitaji mfalme katili, msichana ataigiza mfalme katili. Spika zikihitaji kubebwa, watabeba. Darasa likihitaji mchekeshaji, na kila darasa lina wake, atakuwa msichana, wala hataitwa hana haya. Mpole naye anaachwa na upole wake, maana hakuna anayeuhesabu kuwa ndiyo tabia ya kike. Na juzi, katikati ya somo la mawimbi, mmoja aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani ana taulo ya kike ya ziada. Ikarushwa kutoka dawati la nyuma. Tukaendelea na mawimbi.

Msomaji wenu alidai utafiti uko upande wake. Kwa alama za mitihani, hajakosea sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti 184 na wanafunzi wapatao milioni 1.6 kutoka nchi 21, ulikuta kwamba ukishazingatia hali za wanafunzi kabla ya kuingia shule, tofauti kati ya shule za jinsia moja na za mchanganyiko ni ndogo mno. Nakubali. Lakini alama ni jambo moja, na anachothubutu mtu kukichagua ni jingine. Taasisi ya Fizikia ya Uingereza ilitoa ripoti mwaka 2012 kuhusu shule za serikali za England. Karibu nusu ya zile za mchanganyiko hazikupeleka hata msichana mmoja kusoma fizikia ya A-level mwaka 2011, na wanafunzi wa shule za wasichana walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili na nusu zaidi wa kuichagua kuliko wasichana wa shule za mchanganyiko.

Kuhusu hofu kwamba mabinti hawa hawatajua kuishi na wanaume: wana baba, kaka, majirani na likizo. Hawakai mwezini.

Nina lawama moja, nayo ni kwa upande wangu mwenyewe. Zipo shule za wasichana zinazoharibu haya yote kwa mkono wao. Binti akicheka kwa nguvu, anaambiwa binti wa heshima hacheki hivyo. Akikimbia kwenye korido, akipinga jambo kwenye mdahalo, akikata nywele, ni kikao. Umeondoa macho ya wavulana, ukaweka ya matroni, na mtoto yuko palepale. Shule ya namna hiyo msomaji wenu akiitaka ifungwe, sitabishana naye.

Wenzangu wa shule za mchanganyiko nawaomba jambo dogo: daftari la matokeo lizunguke. Kila wiki lishikwe na mwingine, na mwalimu aandike ni zamu ya nani, maana zamu isipoandikwa daftari litarudi kwa yuleyule. Mimi sikufanya hivyo miaka yote kumi na minne. Yule katibu wangu alimaliza shule na alama nzuri sana za fizikia, akaenda kusomea kitu kingine, na sikuwahi kumuuliza kama ndicho alichokitaka.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia