Wake za wanajeshi wanahitaji majirani

Mhariri,

Tangu jeshi letu la Kenya, KDF, liingie Somalia Oktoba 2011, mtaani kwetu Likoni hapakosi nyumba ambayo baba yuko huko. Jirani yangu alijifungua mumewe akiwa mbali. Sisi wanawake sita wa chama tukapeana zamu: mmoja uji wa pilipili manga, mwingine kuwavusha watoto wake wakubwa feri waende shule, mimi kufua nepi (na mgongo wangu huu!). Kilichotushinda ni makaratasi ya bima. Kutwa nzima ofisini, mwisho jirani anaambiwa mwenye kadi, yaani mumewe, aje mwenyewe. Aje vipi? Wanajeshi wastaafu wanaozijua njia za ofisi hizo, tupeni muda wa saa mbili tu kila Jumamosi mtusaidie na makaratasi haya. Baraza ya msikiti tumeshapewa, mikeka ipo.

Mama wa chama,
Likoni, Mombasa