Barua ya wazi kwa mdogo wangu kuhusu ahadi uliyompa shangazi

Mdogo wangu,

Juzi nilipokuuliza deni la shangazi ulinijibu, "Dada, yale yalikuwa maneno tu, sikusaini popote." Nakujibu hapa hadharani, bila kukutaja jina, maana kauli hiyo naisikia kwa wengi.

Kumbuka siku ile soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Shangazi alibakiwa na magunia mawili ya dagaa, na mteja wa Geita ameshasimama na hela mkononi. Ukasema, "Shangazi niachie mimi, nakuahidi Jumamosi nakuletea hela yote." Akamgeukia yule mteja: "Baba, huu mzigo umeshapata mwenyewe." Ukabeba kwa mali kauli, yaani mzigo kwanza hela baadaye, kama sokoni wanavyofanya kila siku. Sasa kama yalikuwa maneno tu, kilichomwondoa yule mteja ni nini?

J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alilichambua hili katika mihadhara yake ya mwaka 1955 huko Harvard, iliyochapishwa kitabu mwaka 1962 akiwa ameshafariki. Alionesha kuwa si kila sentensi inatoa habari ya kweli au ya uongo. Ukisema "dagaa wamekauka", nitawashika na naweza kukubishia. Ukisema "nakuahidi", hakuna cha kukagua: umeshaahidi.

Utasema moyoni hukuwa na uhakika. Hapo Austin alitenganisha makosa mawili. Mpita njia akijitokeza bandari ya Mwanza Kusini na kuipa meli jina bila mamlaka, jina halishiki. Ila anayeahidi bila nia ya kutimiza, kwa Austin, ahadi yake imeshika. Ameitumia vibaya tu. Alimtaja Hippolytus, mhusika wa tamthilia ya Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliyedai ulimi wake uliapa ila moyo haukuapa. Austin hakumpa nafasi ya kuponyokea hapo, nami sikupi. Shangazi hakuuona moyo wako. Aliisikia kauli yako, akaachia magunia.

Ungesema "nitajitahidi", angekuelewa, na mzigo ungekwenda Geita. Wauza dagaa wote wanaijua tofauti hiyo.

Jumamosi kupita hakujaifuta ahadi. Wa kukufungua ni yeye uliyemwahidi. Kwa hiyo nenda mwenyewe, usitume meseji. Mpe shikamoo yake, mwambie umebakiwa na kiasi gani, umwombe siku nyingine. Siku hiyo usiitaje kabla hujajua hela itatoka wapi. Akikataa, nipigie tuone cha kuuza.

Dada yako