Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Mombasa: mwani usizolewe kwa trekta

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bamburi. Kila mwani unapojaa ufuoni na harufu kupanda, ombi huwa ni moja: trekta lije lizoe. Nakusihi ulikatae.

Sehemu kubwa ya mrundo huo ni majani ya nyasi za baharini, zile zinazoota kati ya ufuo na mwamba, ambako samaki aina ya tafi hula na kukulia. Mawimbi huyakata, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huyatupa juu kabisa. Yakiachwa, kaa na vidudu vya mchangani huyatafuna, ndege huja kuwala vidudu, na mara nyingi bamvua inayofuata, wiki mbili baadaye, huzoa mengi yaliyobaki na kuyarudisha baharini. Huko huoza na kuwa mbolea ya nyasi zilezile.

Trekta halichagui. Huzoa mwani na mchanga pamoja, tena mchanga mwingi. Tunajenga kuta za mawe kuzuia bahari isitule, huku ufuo wenyewe tukiupakia kwenye lori! Na mayai ya kasa, yanayokaa mchangani karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa, hayana ulinzi wowote chini ya magurudumu.

Wanaolalamikia harufu wana haki. Mrundo ukiwa mzito na umelowa, hewa haipenyi. Bakteria waliomo hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Ikizidi sana pua huacha kuihisi, na hapo ndipo inapoweza kuua. Kule Bretagne, Ufaransa, mwaka 2009 farasi alikufa kwenye mwani uliooza katika ufuo wa Saint-Michel-en-Grève, na aliyempanda akazimia. Mwaka 2011 nguruwe pori zaidi ya 30 walikutwa wamekufa katika mlango wa mto mmoja wa huko. Lakini mwani wa Bretagne ni wa kijani, mwepesi, unaooza upesi, na umenenepeshwa na naitrati za mbolea na samadi zinazoteremka na mito. Kwetu kazi hiyo ya kunenepesha mwani inaweza kufanywa na maji ya vyoo yanayoingia baharini bila kusafishwa. Fedha za kukodi trekta zingeanzia huko.

Palipo na mrundo uliokwama, hasa penye kona za kuta na vidimbwi visivyopwa, uondolewe upesi ungali mbichi, kwa uma na mikokoteni, maji yakiwa yamepwa. Ukung'utwe mchanga, uchambuliwe plastiki, kisha utandazwe pale ufuo ulipoliwa. Usichomwe. Vijana wa ufuoni wanaiweza kazi hii, na walipwe.

Kabla tenda yoyote ya usafi wa fuo haijatangazwa, tunaomba kikao cha hadhara na wavuvi, wenye hoteli na wachuuzi, kifanyike hapa hapa ufuoni, siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa.

Wako katika kuilinda pwani,
Mkazi wa Bamburi