Salamu za Krismasi kwa wanaodai na wanaodaiwa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Heri ya Krismasi kwenu nyote: mliojaliwa kukaa na jamaa zenu na mlio zamu kazini, mliojaliwa vingi mwaka huu na mnaosherehekea kwa kuungaunga.

Kila Desemba tunamsoma Mariamu kwa sauti ya upole, kana kwamba wimbo wake ni wa kubembelezea mtoto. Hebu turudi Luka 1. Binti huyu anasema Mungu amewaangusha wakuu kutoka viti vyao vya enzi na kuwakweza wanyonge, amewashibisha wenye njaa na kuwaondoa matajiri mikono mitupu. Karne nyingi kabla yake Hana, mama yake Samweli, alikwisha kuimba wimbo wa namna hiyo, kwa hiyo Mariamu hakuanzisha jambo geni. Lakini kuuimba akiwa mjamzito, chini ya Kaisari na chini ya Herode, kulitaka moyo.

Mtoto akazaliwa, na siku za utakaso zilipotimia wazazi wakampeleka Yerusalemu. Luka anataja sadaka iliyopasa: hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Fungua Walawi 12 uone maana yake. Sheria ilitaka mwana-kondoo na ndege mmoja; ndege wawili ni nafuu ya mama asiyemudu kondoo. Na hekalu walilokwenda lilikuwa linajengwa upya kwa fahari na Herode, kazi aliyoianza yapata mwaka wa 20 KK. Ndiye Herode yule ambaye Mathayo anatuambia aliagiza watoto wa kiume wa Bethlehemu, wa miaka miwili na waliopungua, wauawe. Mfadhili wa nyumba ya ibada na muuaji wa watoto ni mtu mmoja. Habari hii haihubiriwi sana. Labda ni kwa sababu wafadhili wa majengo huketi viti vya mbele.

Msimu huu mikono yetu hufunguka. Tunawapelekea yatima vyakula na nguo, tunapiga picha, tunarudi tumefurahi. Sina neno na ukarimu huo. Ila Maandiko hayaanzii hapo. Yanauliza kwanza mali ilipatikanaje, na nani bado hajalipwa. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajaupata, awe ndugu au mgeni. Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele wenyewe, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana wa majeshi.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Nabothi, 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu lililokuwa karibu na jumba la kifalme, alifanye bustani ya mboga. Akaahidi shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akajilaza kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Tazama basi jinsi mkewe, Yezebeli, alivyofanya kazi: barua kwa jina la mfalme, muhuri wa mfalme, saumu ikatangazwa, kikao cha wazee, mashahidi wawili kama sheria inavyotaka. Kila kitu kwa utaratibu! Nabothi akapigwa mawe kwa kosa la kumtukana Mungu na mfalme, na Ahabu akateremka kulimiliki shamba. Wazee wa mji walijua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali, mpaka nabii Eliya alipotumwa.

Biblia haimchukii tajiri kwa kuwa na mali. Mamajusi walileta dhahabu, na Yusufu wa Arimathaya aliyetoa kaburi la kumzika Yesu alikuwa mtu wa uwezo. Mfano ninaoupenda mimi ni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, kwa sababu alitenganisha hesabu zake. Nusu ya mali aliwapa maskini: hiyo ni sadaka. Kisha waliodhulumiwa akaahidi kuwarudishia mara nne, kama Kutoka 22 inavyomtoza mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza. Hakuiita sadaka ile ya pili, wala hakutaka ashukuriwe kwa kurudisha cha watu. Sisi wengi tungeichanganya yote katika bahasha moja na kungoja jina letu lisomwe.

Yohana Mbatizaji naye, watu walipomuuliza wafanye nini, hakuwapeleka mbali. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asizidishe kiwango alichoamriwa. Askari asimdhulumu mtu wala kumsingizia, atosheke na mshahara wake. Kila mmoja alijibiwa palepale anaposhikia madaraka yake, hata yakiwa madogo.

Basi nawatakia sikukuu njema. Unayedai jasho lako na unazungushwa, Mungu akupe nguvu ya kudai na mtu wa kusimama nawe. Uliye na ujira wa mtu mkononi, mlipe leo kabla hujaenda ibadani, hata ukichelewa wimbo wa kwanza. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.