Wifi, fatwa umeipata, bado daktari

Assalaam alaykum wifi,

Wa baada ya salamu, sisi huku Unguja wazima, watoto wanakuulizia. Jina lako silitaji wala shehia yako. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu suali ulilonitumia kwa sauti usiku ule wanaulizana nalo wanawake chungu nzima, na kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Uliniuliza: damu inakuja, inakatika, inarudi; nisali au nisisali? Na funga za Ramadhani nilipe ngapi? Nikakwambia kamuulize mwalimu wako wa chuo cha Kurani, naye kakujibu vizuri kuliko ningelijibu mimi. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, haizidi siku 15, na baina ya hedhi mbili lazima zipite siku 15 za twahara. Damu isiyoingia humo ni istihadha: unajisafisha, unajifunga vizuri, unatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, unasali na unafunga. Nimefurahi umepata jibu. Ila naona baada ya jibu lile umetulia kama mtu aliyekwishapona, na hapo ndipo ninapokuja juu.

Mwalimu kakwambia ufanye nini na sala yako. Damu inatoka wapi hakukwambia, wala si kazi yake. Bibi Fatima bint Abi Hubaysh alipomwendea Mtume (s.a.w.) kwa damu isiyokatika, aliambiwa kuwa ule ni mshipa, si hedhi. Basi mshipa ukivuja si una watu wake wa kuutazama?

Tena zile siku 15 zisikudanganye. Ule ni mpaka wa ibada. Kwa daktari, damu inayopindukia siku saba au nane, mwezi huu na mwezi ujao, tayari ni ya kutazamwa, hata kama kwa sala bado umo hedhini. Na ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu hii mpaka siku ya kwanza ya damu ijayo, kwa mtu mzima huwa siku 21 hadi 35. Mwezi mmoja kuvurugika kwa safari, maradhi au msiba, hilo hutokea. Binti aliyevunja ungo juzi anaweza kuchukua hata miaka miwili mitatu mpaka zimkae sawa. Wewe si binti, wifi.

Sababu ni nyingi, na nyingi kati yake hazitishi. Ya kwanza kutazamwa ni mimba, hata ukiwa na hakika huna. Mimba inayotaka kuharibika, au iliyotunga nje ya kizazi, huweza kuanza na damu kidogo kidogo ambayo mtu akaiita hedhi. Kipimo cha mkojo ni dakika chache tu. Halafu sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi vya kuzuia mimba: hivyo huvuruga damu sana, hasa miezi ya mwanzo. Kama umeweka na hukumwambia mtu, ni siri yako, na mimi wala sikuulizi, lakini daktari mwambie. Kuna uvimbe wa kizazi usio saratani, kuna tezi ya shingo, kuna homoni zilizokwenda kombo, kuna maambukizo ya njia ya uzazi.

Na lipo la kwetu hasa: kichocho. Pemba tunakijua kwa watoto wanaokojoa damu, wakipewa vidonge skuli tunaona yamekwisha. Wengi hatukuambiwa kuwa mayai ya kile kidudu hukwama pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi, na mwanamke mzima akapata damu baina ya hedhi, au baada ya tendo la ndoa. Wewe umekulia kufua na kuoga mtoni. Litaje hilo wewe mwenyewe, maana daktari huenda asiulize.

Damu ya baada ya tendo la ndoa, hiyo usiiwekee subira. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na mwanzoni haiumi. Uchunguzi wake mara nyingi ni siki iliyozimuliwa, inapakwa kwenye mlango wa kizazi. Penye dosari pakageuka weupe. Na wale shangazi zetu wanaocheka kwamba ujana umewarudia, damu imekuja baada ya kukatika mwaka mzima na zaidi: si ujana ule. Wapelekwe.

Lakini ukiona pedi inarowa chapachapa kila saa, saa mbili mfululizo, au unataka kuzirai, au mwezi umechelewa na tumbo linakukata vibaya upande mmoja, usingoje asubuhi, wala usimngoje kaka arudi kutoka baharini. Toka na jirani.

Kile kizunguzungu ulichosema kinakushika ukiwa unachambua karafuu, mimi sikipendi. Waombe wakupime wingi wa damu. Chini ya 12 (gramu kwa desilita) kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu. Maini, dagaa na mchicha kula, na chai usiinywe pamoja na chakula kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ila kula peke yake ni kujaza maji ndoo yenye tundu. Kombe ulilopewa kunywa, yale maji yaliyooshewa aya, dua haina mgongano na hospitali. Miti shamba ya kuingiza ukeni ndiyo usithubutu, hata akupe nani.

Anza na kituo cha afya cha karibu, wao watakuandikia kwenda Wete, Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike damu ilianza lini, ikakatika lini, pedi au vitambaa vingapi kwa siku, na kila dawa unayomeza. Ukitaka daktari wa kike sema mapema, pale mapokezi, kabla hujaitwa ndani.

Na kama uzito ni kwenda peke yako, nipigie kabla ya Ijumaa nikate tiketi ya boti.

Wifi yako,
Unguja