Dada anaficha ngozi iliyoungua kwa mionzi

Ndugu Mhariri,

Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na sasa anapigwa mionzi, siku 5 kwa wiki. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari hadi tukajisahau. Sasa ngozi ya kwapani na chini ya titi imekuwa nyeusi tii, ukiigusa ina joto, na pale inapokunjana imeanza kuchubuka na kutoa majimaji.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama hataki maji yaguse pale, eti alama za wino za kuelekezea mionzi zitafutika. Shangazi kaleta shubiri. Mwingine anasisitiza barafu. Muuguzi alituelekeza tofauti kabisa: aoge kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, asisugue, ajikaushe kwa kugusagusa tu na taulo laini, avae nguo za pamba zisizombana. Barafu, maji ya moto na plasta alikataza. Mimi namwamini muuguzi, ila mimi ndiye kitinda mimba, nani atanisikiliza?

Kijikaratasi tulichopewa nacho kinasema tuangalie wekundu. Wekundu gani, kwa ngozi hizi zetu? Mtu anaungua huku anaonekana kaiva rangi tu. Na dada akiulizwa kliniki anajibu "naendelea vizuri", maana anahofia wakiona kidonda watamsimamishia matibabu. Blauzi hafungui mpaka aambiwe. Usiku ndiyo namsikia akihangaika kutafuta ubavu wa kulalia.

Nimesoma kwamba krimu ya mometasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, ikipakwa tangu mwanzo hupunguza makali, na kwamba kuna utando mwembamba wa silikoni wa kufunika ngozi isisuguane. Hayo hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Muuguzi alidokeza pia kuwa ngozi inaweza kuzidi kuharibika wiki moja au mbili baada ya mionzi kwisha, ndipo ianze kupona. Kwa hiyo bado tuna safari.

Nyinyi mliopita njia hii, au mliouguza: pale chini ya titi panapotoa jasho mlipatunzaje? Palipokwisha kuchubuka pafunikwe au paachwe wazi? Ile krimu bado inafaa, au tumechelewa? Na hasa hili: nimweleze daktari mwenyewe bila dada kujua, au nimbembeleze kwanza aseme? Kliniki ni keshokutwa.

Mdogo mtu