Mzee, onyesha kadi yako kabla hujalipia kifaa cha kusikia

Haipiti wiki bila kijana au binti kutuletea mzazi wake hapa kwenye kliniki yetu ya usikivu na kutuambia, "Mama Kiingereza kimemkataa." Amesoma darasani tangu walipofika Australia, na bado akipigiwa simu anampa mjukuu aongee. Sisi humsalimu mama kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa pembeni ili asiuone mdomo wetu, halafu tunamuuliza amelala vipi. Mara nyingi mama hutabasamu na kutikisa kichwa. Hakusikia swali.

Tunaanzia hapo kwa sababu wazee wetu wengi hapa wamebebeshwa kosa la lugha ilhali tatizo ni la masikio. Usikivu wa uzeeni hauzimiki kama taa. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba za juu: s, f, t, k, sh. Irabu ni nzito, zenyewe hubaki. Kwa hiyo mzee anasikia kabisa kwamba unaongea, ila "alipata" na "alikata" kwake ni neno moja, na "fisi" haina tofauti na "sisi". Ndiyo maana analalamika kuwa siku hizi watu wanamung'unya maneno. Katika Kiswahili alichokulia, akipata nusu ya sentensi, nusu nyingine anaijaza mwenyewe bila kujua kuwa amejaza. Kiingereza alichojifunzia ukubwani hakimpi nafasi hiyo. Na sauti ya mjukuu, nyembamba na ya haraka, ndiyo inayompita zaidi ya zote.

Ukitaka kujua kama ni lugha au ni sikio, simama nyuma ya mzee umwambie jambo la kawaida kwa lugha yake, kwa sauti ya kawaida. Akishindwa na hilo, shida si Kiingereza. Mlete apimwe, au mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu aliye karibu nanyi. Kipimo kikuu hakihitaji lugha: unavaa vipokea sauti masikioni, na kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla hata ya kuuliza. Serikali ya Australia ina mpango uitwao Hearing Services Program. Ukiwa na sifa, unapewa vocha. Vocha hiyo hulipia kupimwa, kushauriwa, na kama unahitaji, vifaa vya kusikia pamoja na kazi ya kuvirekebisha vikukae. Tangu Julai 2021 vocha moja inadumu miaka 5. Zamani ilikuwa 3. Usielewe kwamba kila miaka 5 unapewa vifaa vipya. Kama vile ulivyo navyo bado vinakufaa, unaendelea navyo, na vocha inaendelea kulipia huduma.

Sifa inayowahusu wazee wetu wengi ni Pensioner Concession Card, ile kadi inayokuja na pensheni ya uzee, na pia na malipo mengine ya Centrelink, ofisi ya serikali inayotoa pensheni na misaada, kama pensheni ya ulemavu. Tunasisitiza jina la kadi kwa sababu zinachanganywa kila siku. Health Care Card peke yake haitoshi. Commonwealth Seniors Health Card nayo haitoshi, ingawa jina lake linamtaja mzee waziwazi, na tumeona watu wakirudi nyumbani na huzuni kwa sababu hiyo. Itoe kadi kwenye pochi, soma maandishi yake, ndipo upige simu.

Kuna jambo linalowapita wakimbizi wengi. Pensheni ya uzee, ambayo sasa huanza ukiwa na miaka 67, kwa kawaida hudai uwe umeishi Australia miaka 10. Aliyeingia nchini kama mkimbizi haguswi na sharti hilo la miaka 10. Tumewahi kukutana na mzee aliyekuwa akihesabu miaka kwenye kalenda, akisubiri itimie ndipo aombe pensheni, na huku hasikii hata mtu akibisha mlango. Kama umetoka kambini na umri umefika, nenda Centrelink uulize sasa.

Kwa maveterani njia inapitia idara ya maveterani, DVA. Mwenye Gold Card, kadi ya matibabu inayotolewa na DVA, anaingia kwenye mpango huu moja kwa moja. Mwenye White Card, kadi ya DVA ya magonjwa maalumu tu, anaingia ikiwa kupungukiwa usikivu ni mojawapo ya magonjwa yaliyokubaliwa kwenye kadi yake. Mizinga, bunduki na injini za ndege huharibu masikio polepole, kwa hiyo aliyestaafu jeshi miaka 20 iliyopita na leo ana mlio usiokoma sikioni asiukubali tu kuwa ni uzee. Awasilishe madai yake DVA. Wapo pia wajane wa askari wenye Gold Card ambao hawajui kuwa inawahusu hata kwa masikio. Baba zetu waliotumikia majeshi ya nyumbani Afrika kwa kawaida hawaingii kwa mlango wa DVA. Wao waje na kadi ya pensheni.

Uhusiano huu wa askari na masikio ni wa tangu zamani. Maabara ya taifa ya usikivu ilianzishwa hapa mwaka 1947 kwa ajili ya wanajeshi waliorudi vitani wakiwa na masikio yaliyoharibika, na watoto waliopata uziwi baada ya mlipuko wa ugonjwa wa rubela.

Ukishapimwa, mpango unaangalia wastani wa upungufu wako kwenye sauti za chini na za kati. Ukizidi desibeli 23 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) unaweza kupewa kifaa. Walio chini ya hapo wasikate tamaa, hasa kama zilizoharibika ni zile sauti za juu tulizozitaja, kwa sababu mpango una msamaha kwa hali kama hizo.

Hapa tunaomba usome kwa makini, maana tunasema jambo linalogusa mfuko wetu wenyewe. Vifaa viko vya aina mbili. Kuna vinavyolipiwa na serikali vyote, hutoi senti kuvipata. Na kuna vinavyolipiwa kwa sehemu tu, wewe unaongeza kilichobaki, na nyongeza hiyo inaweza kufika maelfu ya dola. Muuzaji anafaidika zaidi ukichagua cha kuongezea. Mwaka 2017 tume ya ushindani ya Australia, ACCC, ilionya juu ya kliniki zinazowalipa wafanyakazi kamisheni, na juu ya wateja kuuziwa vifaa vya gharama wasivyohitaji.

Sisi tunaamini mzee wa kawaida aanze na kifaa kisicho na malipo. Ni cha kidijitali, kinapunguza makelele ya chumba na ule mluzi wa vifaa vya zamani, na kwa mazungumzo ya nyumbani, simu na ibada kinatosha wengi. Anayekaa kwenye mikutano yenye kelele kila siku anaweza kuwa na sababu ya kuongeza pesa. Hata yeye aelezwe sababu hiyo kwa maneno anayoyaelewa, apewe bei kwa maandishi, aende nayo nyumbani akalale juu yake. Ukiona unaharakishwa kutia saini, ondoka. Vocha ni yako, unaweza kuhamia kliniki nyingine.

Gharama unayoweza kuitarajia ni mchango mdogo wa kila mwaka wa matunzo, unaogharimia betri na matengenezo. Kwa wenye kadi za DVA, idara yao ndiyo inayoulipa.

Ukija kwetu, hatuhitaji uwe umejaza fomu. Njoo na kadi. Tunaangalia sifa zako na kuomba vocha ukiwa umekaa hapo hapo. Ikiwa sikio linauma, linatoa usaha, au limeziba ghafla ndani ya siku moja, tangulia kwa daktari leo hii, usisubiri miadi yetu. Kama unakoishi ni mbali na utaenda kliniki nyingine, waambie unapopanga miadi kuwa unataka mkalimani wa Kiswahili, na huduma ya taifa ya ukalimani ni 131 450. Usimtumie mjukuu kutafsiri. Ataruka maneno asiyoyajua, na nawe utaona haya kueleza yote mbele yake.

Na vile vifaa vya zamani vilivyolala kwenye droo kwa sababu vilikuwa vinapiga kelele, vilete pia. Mara nyingi vinahitaji kusafishwa na kupangwa upya tu. Mtoto akikusindikiza karibu sana, ila tutamwomba akae nyuma yako, anyamaze kidogo, akuache ujibu mwenyewe.